Kiti cha Mzee Barasa

Iko siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na jana ulinirudisha kwayo bila kujua. Nilikuja pale nyumbani kwa wazee kuwajulia hali, kama nifanyavyo tangu nistaafu. Sikuwa hata nimeweka mkoba chini, na wewe, msichana uliyelelewa vizuri, ukakimbia kuniletea kiti. Ukakipangusa kwa leso. "Kaa hapo shosho, usichoke," ukaniambia, kama mnavyowaita bibi zenu. Nikakaa. Kisha nikakutazama ukimlisha uji bibi mmoja ambaye mikono yake haina kasoro yoyote, na ukimzuia mzee mwingine asiinuke kwenda kuchukua kofia yake mwenyewe. Nikanyanyuka nikaaga mapema. Huenda ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, niliogopa, na usiku kucha nimejigeuzageuza kitandani nikitafuta namna ya kukuambia. Acha nikuandikie.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Nilikaa Kianda, Kibera, chumba kimoja na binti yangu Nekesa, na kila asubuhi nilikatiza Ayany, nikavuka barabara ya Ngong, nikashika njia hadi Gatina, Kawangware, kwa miguu. Nyumba ni hii hii unayofanyia kazi, ila wakati huo maghorofa ya kupanga yalikuwa hayajaibana namna hii. Choo kilikuwa nje, mwisho wa uwanja, na lango upande wa pili. Wazee walikuwa sita. Mimi nilikuwa nimeokoka mwaka mmoja tu nyuma, na nilikuwa na bidii ya kuwaokoa wengine wote kabla ya chakula cha mchana. Usicheke. Ujana una mambo.

Kati ya wale sita, wawili ndio wa habari hii. Wa kwanza ni Mzee Barasa. Alikuwa mtu wa kwetu Magharibi, fundi wa mawe maisha yake yote, mjane, mwenye viganja vigumu na sauti ya chini. Nilimwita Kuka, yaani babu, kwa sababu alinikumbusha babu yangu. Wa pili ni mama mmoja wa Kitui, mfupi, mkavu, mdomo wake hauna breki, aliyeitwa Kalekye. Wakamba bibi wanamwita susu, basi nasi sote tukamwita Susu. Mimi na Susu tulikuwa hatuelewani. Alipenda kupiga mtungi wa plastiki na kucheza kilumi, ngoma ya akina mama wakongwe wa kwao, wanayotikisa mabega na kukanyaga ardhi mpaka vumbi litimke. Mimi niliona ni mambo ya mapepo. "Pepo gani?" alikuwa akiniuliza. "Mimi ninacheza magoti yasishikane, wewe unaniletea pepo."

Mzee Barasa hakucheza ngoma. Yeye alitembea. Kila asubuhi baada ya chai alikwenda langoni, akalibandika kiganja kama fundi anayekagua ukuta, akageuka, akaenda hadi mlango wa choo, akaubandika kiganja, akageuka tena. Alishapima: hatua arobaini na mbili. Na kwao, kutoka barabarani gari linaposhusha watu hadi mlango wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, ni kilima cha hatua mia tatu. Kwa hiyo alikwenda mara saba na hatua chache za ziada, kila siku ya Mungu. Mwanawe wa kiume alikuwa ameahidi kuja kumchukua Pasaka, arudi nyumbani moja kwa moja.

"Nitapanda mwenyewe," aliniambia. "Ile nyumba niliijenga nikiwa nimesimama. Sitaingia nimebebwa kama gunia la mahindi."

Hicho tu ndicho alichotaka duniani, mwanangu. Hakutaka blanketi jipya wala nyama. Alitaka hatua mia tatu.

Basi uchaguzi ukaja, na baada ya uchaguzi yakaja yale unayoyasikia kwa watu wazima wanapoteremsha sauti. Sitakusimulia yote. Wenzangu wawili wa kazi walikuwa wameenda makwao kwa Krismasi, barabara zikafungwa, hawakurudi. Nekesa alikuwa kijijini kwa mama yangu, nami sikujua ni lini nitamwona. Kianda sikuweza kurudi. Sikujua hata kama chumba changu bado kina mlango. Nikabaki pale nyumbani mchana na usiku, mimi na wazee sita, na Kilonzo, askari wa lango.

Asubuhi moja Susu alikuwa akianika nguo zake, jiwe likaja kutoka barabarani, likapita juu ya uzio na kuanguka pale pale kwenye kamba, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama. Kilonzo akaja mbio.

"Mama Nekesa, rudisha wazee ndani! Huko stage ya magari kumechafuka, majamaa wanarusha mawe ovyo ovyo!"

Niliwaingiza wote. Nikafunga mlango wa nyuma, ufunguo nikautia kwenye uzi na kuuvaa shingoni. Nikapanga viti mbali na madirisha. Ndoo na mabeseni nikayaingiza ndani ili mtu asiwe na sababu ya kutoka. Hapo sikukosea. Ningefanya vivyo hivyo hata leo.

Kosa langu lilianza kesho yake, nilipoona kwamba wakikaa mimi napumua. Mtu aliyekaa namwona. Mtu anayezunguka simwoni, na roho yangu siku zile haikuweza kubeba kitu ambacho siwezi kukiona. Basi nikawakalisha. Maji nikawaletea mkononi, uji nikawaletea mdomoni, soksi nikawavisha, kuoga nikawaogesha pale pale. Mtu akitaka kuinuka, nilikuwa nimeshafika. "Unataka nini? Kaa, nitakuletea." Nililelewa hivyo, mwanangu, kama wewe. Nikiwa mdogo, babu aliangusha fimbo yake akainama kuiokota mwenyewe na mimi nimesimama pale. Mama alinifinya sikio mpaka nikaona nyota. Tangu hapo mzee akiinama mbele yangu nilihisi sikio likiwaka.

Na Kuka ndiye niliyemtunza kuliko wote. Nilimpa kiti bora cha nyumba ile, cha mbao, chenye mikono, nikamshonea mto kutoka kwa godoro kuukuu. Wengine walikuwa na viti vya plastiki. Susu aliona, na hakukosa kusema. Lakini Kuka alikuwa wa kwetu, na siku zile neno hilo, wa kwetu, lilikuwa limetuingia sote, hata sisi ambao hatukushika jiwe. Wengine waliua nalo. Mimi nilimshonea mto. Nilidhani hayo ni mambo mawili yasiyo na uhusiano wowote.

Mimi mwenyewe sikukaa. Nilizunguka ule ukumbi kutwa nzima, dirishani, mlangoni, jikoni, dirishani tena. Redio ikisema jambo nasimama, ikinyamaza naenda. Kukiwa na kelele nje natembea, na kukiwa kimya natembea zaidi, maana kimya kilinitisha kuliko kelele. Wazee sita waligeuza shingo kunifuata, kwenda na kurudi.

"Mama Nekesa," Susu akaniita siku moja. "Tangu asubuhi hujakaa."

"Nina wasiwasi, Susu."

"Na ukitembea unapungua?"

"Kidogo."

"Haya. Na wetu sisi utapunguzwa na nini?"

Nikamwambia kazi yao ni kupumzika. Akasema, "Tumepumzika mpaka tumechoka." Wazee wakacheka, hata Kuka, nami nikaudhika. Niliona nadharauliwa na watu ninaowafia.

Kesho yake saa nne asubuhi Susu akautoa mtungi wake nyuma ya kiti, akaanza kupiga. Polepole. Akakanyaga akiwa amekaa, kisha akashika meza akasimama, mabega yakaanza. Mama mmoja akaanza kugonga visigino sakafuni, na mwingine akafuata. Niliuchukua ule mtungi nikaufungia stoo. Nilimwambia kelele zitatuletea watu langoni, na kwamba wimbo wa lugha yoyote siku hizi ni hatari, na kwamba isitoshe hii ni nyumba ya maombi. Sababu tatu, na ya kweli ilikuwa moja tu: nilitaka wakae. Susu hakubishana. Alikaa akaanza kupiga mapaja yake kwa viganja, taratibu, sauti isiyofika hata dirishani.

"Mzee Barasa," akamwita, "inua mguu."

Kuka akainua mguu. Niliuona, mguu wa kulia, soksi ya kijivu niliyomvisha mimi, umeinuka kutoka sakafuni. Kisha akanitazama mimi kwanza, kama mtoto anayeomba ruhusa. Nami nikatikisa kichwa. Nikamwambia kwa lugha yetu, taratibu, kwa upendo wote niliokuwa nao, "Pumzika, Kuka. Usijisumbue." Akaushusha.

Nimeyaona mengi tangu wakati huo. Nimezika wazazi wote wawili. Lakini ule mguu ukishuka ndio ninaouona nikifumba macho.

Hali haikuwa ya mawe kila siku, hilo nisikudanganye. Zilikuwepo siku za utulivu katikati, watu wakitoka kutafuta unga, watoto wakipiga mpira barabarani. Kilonzo aliniambia mara mbili, "Leo kuko poa, wape wazee jua kidogo." Nikasema kesho. Kila asubuhi Kuka aliniuliza, "Tutatoka leo?" nami nikamjibu, "Kesho, Kuka." Kufika juma la tatu hivi akaacha kuuliza. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba ametulia.

Wakati huo wote Susu aliendelea kuniasi. Nikiwa jikoni nilisikia viganja mapajani. Nikitokea, kimya, watu wanne wananitazama kwa macho ya watakatifu. Nilijua, na nikachoka kupigana nao. Ila Kuka hakujiunga. Aliposhusha ule mguu ilikuwa kama ameniahidi kutii, na alikuwa mtu wa kutimiza.

Ilipita karibu miezi miwili. Siku wakubwa wa siasa walipopeana mikono na kutia sahihi mapatano, Gatina nzima ilitoka nje. Asubuhi iliyofuata ndiyo siku ninayokuambia. Nilivua ufunguo shingoni, nikafungua mlango wa nyuma, jua likaingia mpaka katikati ya ukumbi, nikapaza sauti, "Haya wazee wangu, tokeni!" Susu alikuwa wa kwanza, ameshika ukuta, amepungua, lakini anakwenda. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakiyumba, wakishikana. Nilikuwa nacheka na kulia.

Kuka alibaki kwenye kiti chake. Alishika mikono ya kiti akajisukuma. Akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi. Mara ya tatu nilikuwa nimeshafika, nimemshika kwapani, nikamwinua, na uzito wake wote ukanijia mimi. Magoti yaliachia kabisa. Nilimrudisha kitini nikampandisha suruali nimtazame, na mapaja ya yule fundi yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nikimwogesha kila siku na sikuyaona.

"Mama Nekesa," akaniambia, bila hasira, "miguu imelala."

Muuguzi aliyekuja kumtazama hakunificha. Alisema mzee wa umri ule akilazwa au kukalishwa majuma machache tu, nguvu inamwagika upesi, na kuirudisha ni kazi ya miezi, na wakati mwingine hairudi. Aliuliza kama alianguka au kama aliugua. Nikasema hapana. Akauliza, "Sasa ilikuwaje?"

Susu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Niliingoja ile midomo yake. Nilitaka anitukane, kusema kweli, ningepata nafuu. Akaenda stoo, nikasikia akipangua vitu, akarudi na ule mtungi akaniwekea mapajani.

"Sasa piga wewe," akasema. "Mimi nitamshika mikono."

Basi mimi, mtu wa maombi, nikapiga kilumi. Nilipiga vibaya, Susu akanisonya, akanionyesha, nikapiga tena. Kila siku saa nne, karibu mwezi mzima. "Inua mguu, mzee." Wa kulia uliinuka kidogo. Wa kushoto ulichelewa. Wazee wenzake walizunguka kiti chake wakikanyaga, na miguu yao wenyewe ikarudi wakati wakimsaidia yeye. Mama mmoja aliyekuwa hawezi kufika langoni bila mkono wangu alifika peke yake na kurudi akijisifu. Kuka alifikia kusimama, ameshikwa huku na huku, mpaka Susu ahesabu kumi. Hatua hakupiga hata moja. Tulihitaji wakati, na Pasaka ikaja upesi kuliko nilivyowahi kuiona ikija.

Mwanawe alifika na gari la kukodi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza, nimeyapanga maneno, lakini alipomwona baba yake amekaa akasema tu, "Mzee amezeeka," akatafuta mtu wa kusaidia kubeba. Kilonzo akashika upande mmoja. Walimbeba na kiti chake, maana Kuka mwenyewe aliomba kiende naye. Nilitembea kando yao kutoka ukumbini hadi lango. Tulipofika, alinyoosha mkono akalibandika kiganja. Kisha akanishika mimi.

"Asante mwanangu," akasema. "Umenitunza kuliko watoto wangu."

Na alimaanisha! Hakukuwa na kijembe ndani yake. Hapo ndipo nilipoumia, na ninaumia hivi sasa nikiandika.

Mwanawe alinipigia simu baadaye. Walimpandisha kile kilima watu wanne, wakipokezana mabega. Akaingia nyumba yake kwa mlango alioujenga, akiwa kwenye kile kiti, juu ya ule mto wangu. Alikaa hapo mlangoni zaidi ya mwaka mmoja, akitazama njia, mpaka alipofariki. "Alikuwa akikusifu sana," mwanawe akaniambia. "Kila mgeni alionyeshwa kiti ulichompa."

Sasa unajua kwa nini niliondoka haraka jana.

Mwanangu, mimi sikukatazi kuwaheshimu wazee. Nakuomba uwaheshimu kwa taabu zaidi. Kumlisha mtu uji ni dakika tano. Kumwachia kijiko ni nusu saa na leso iliyochafuka, na wewe una wengine wa kuhudumia, najua, nimekuwa hapo. Mwachie kijiko. Yule mzee anayetaka kofia yake, mwache aifuate, wewe tembea nyuma yake, mikono tayari, mdomo umefungwa. Wape maharagwe wachambue, wape sufuria wapanguse. Wakitaka kucheza, wacheze, na kama wimbo si wa kanisani kwako, jifunze kuupiga. Anayesema ameshindwa kusimama, na akanyage akiwa amekaa. Ikija mvua, au ugonjwa wa kufungiana ndani, au siku mbaya kama zile, Mungu apishe mbali, funga mlango ikibidi, lakini utafute nafasi ndani, hata ukumbi wenyewe una urefu wa kutosha; nilizunguka ndani yake miezi miwili, nina uhakika. Na umchunge zaidi yule asiyekusumbua. Mkaidi atajitetea. Yule anayekupenda atakaa ukimwambia akae, na siku atakapoacha kukuuliza mtatoka lini, usishukuru. Kimbia ukafungue mlango.

Na usiwe na wa kwenu ndani ya nyumba ile. Hilo nalo nilijifunza.

Susu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki akiwa na mtungi chini ya kitanda, na mpaka wiki ile ya mwisho alijiendea chooni mwenyewe, akinikataza nisimfuate.

Nami nakuombea hivi, mwanangu. Mungu akubariki mikono yako iliyo na haraka ya kusaidia, aifundishe kungoja. Akupe siku nyingi, na miguu ya kuzitembea. Na ukifika umri wangu, akuletee msichana mzuri aliyelelewa vizuri kama wewe, mwenye moyo wa kukuacha uchoke.

Kesho saa nne nitakuja. Usinitolee kiti. Nisubiri langoni na wazee wote wanaoweza kusimama, na wasioweza walete mlangoni waone. Ni hatua arobaini na mbili. Mimi nitahesabu.